James Jamerson: mpiga besi aliyekataa kubadili nyuzi

Mwezi Machi mwaka 1983, katika ukumbi mmoja mjini Pasadena, jimbo la California nchini Marekani, kampuni ya muziki ya Motown ilifanya tamasha la kuadhimisha miaka 25 yake. Watazamaji wengi wa televisheni hulikumbuka tamasha hilo kwa sababu moja tu: ndipo Michael Jackson alipoonyesha ile hatua yake ya kuteleza kinyumenyume kana kwamba sakafu ina mafuta. Lakini juu, kwenye viti vya roshani, alikuwepo mtu mwenye umri wa miaka 47 aliyeingia kwa tiketi aliyoinunua kwa fedha zake. Nyimbo nyingi zilizoshangiliwa usiku ule zilikuwa zimesimama juu ya gitaa lake la besi. Hakuna aliyemwita jukwaani. Mtu huyo ni James Jamerson, na kabla ya mwaka kwisha alikuwa amekwisha kuzikwa.

Bujumbura inaifahamu sauti yake bila kulifahamu jina lake. Yeyote aliyewahi kusikia redioni nyimbo za Marvin Gaye, Stevie Wonder, Four Tops au Temptations za miaka ya 1960 amemsikia Jamerson, pengine mara mamia. Jambo hilo si geni kwa wanamuziki wa hapa. Katika arusi za Buyenzi, katika baa za Bwiza na katika kwaya za makanisa, mpiga besi husimama nyuma, karibu na dramu, na watu wakirudi nyumbani humsifu mwimbaji. Na kwa wapiga besi wenyewe liko swali moja lisilokwisha, nalo ni la nyuzi: zifungwe zile za waya wa mviringo zinazong'ara, au zile bapa, au zile nyeusi zilizovikwa utepe wa nailoni? Maisha ya Jamerson yanalijibu swali hilo kwa namna ambayo hakuna fundi wa dukani awezaye kulijibu, ingawa jibu lenyewe lilimgharimu mno.

Alizaliwa tarehe 29 Januari 1936 katika kisiwa cha Edisto, karibu na mji wa Charleston, jimbo la South Carolina. Pwani hiyo ndiyo makao ya Wagullah, wazao wa Waafrika waliofanywa watumwa katika mashamba ya mpunga na pamba, ambao wengi wao walitolewa Afrika Magharibi na nchi za Kongo na Angola, na ambao hadi leo wamehifadhi lugha yao na namna yao ya kuimba. Baba yake alifanya kazi katika viwanda vya meli, mama yake alikuwa mtumishi wa nyumbani, na wazazi hao walipoachana mtoto alilelewa kwa sehemu kubwa na bibi yake aliyepiga piano na shangazi yake aliyeimba kanisani. Inasimuliwa kwamba alipokuwa mdogo alichomeka kijiti ardhini, akafunga mpira mrefu wa kunyumbuka, akaudonoa kwa kidole karibu na kichuguu ili apate kuona kama siafu watacheza. Kama kisa hicho kimetiwa chumvi au la, kinamfaa mwenyewe: maisha yake yote alitumia kidole kimoja na kitu kilichokazwa.

Mwaka 1954 alikuwa Detroit, mji wa viwanda vya magari, ambako mama yake alitangulia kwenda kutafuta kazi. Katika shule ya sekondari ya Northwestern aliikuta besi kubwa ya kusimama, ile ambayo mpigaji huikumbatia kama mtu mzima mwenzake. Bendi za rumba za Léopoldville katika miaka ileile nazo zilikuwa na besi ya namna hiyo, kabla gitaa la umeme halijachukua nafasi yake. Jamerson aliijua upesi mno. Alipomaliza shule alinunua besi yake mwenyewe iliyotengenezwa Ujerumani, akaoa akiwa bado kijana, akaanza kupiga jazi katika vilabu vya usiku.

Besi ya kusimama ilimfundisha mambo mawili ambayo hayakumtoka tena. La kwanza ni kutumia kidole cha shahada peke yake katika mkono wa kulia. Wenzake walikuja kukiita kidole hicho ndoano. La pili ni namna ya kusikia. Katika ala hiyo, ambayo kwa karne nyingi ilifungwa nyuzi za utumbo wa kondoo, sauti huanza kwa kishindo cha duara, hukaa kidogo, kisha huondoka kuwapisha wengine. Msikilizaji wa Burundi hana haja ya kwenda Detroit ili alielewe jambo hilo. Mpiga inanga wa jadi naye hutumia uzi mmoja mrefu, ambao zamani ulitokana na mshipa au utumbo wa mnyama, akaupitisha kwenye meno ya pande mbili za ubao, kisha akanong'ona juu yake. Mnong'ono husikika kwa sababu nyuzi haziupigii kelele. Uzi unaolia kwa muda mrefu ungeufunika.

Mwaka 1959 Berry Gordy, aliyewahi kuwa mfanyakazi katika kiwanda cha magari, alikopa dola 800 kutoka katika mfuko wa jamaa zake akaanzisha kampuni iliyokuja kuitwa Motown. Studio yake ilikuwa nyumba ya kawaida katika barabara ya West Grand, na chumba cha kurekodia kilikuwa kidogo na chenye joto, kimejaa nyaya, kiasi kwamba wanamuziki walikiita shimo la nyoka. Hapo ndipo Jamerson alipoingia pamoja na wenzake kama Earl Van Dyke wa piano, Benny Benjamin wa dramu na Robert White wa gitaa. Kundi hilo, lililojiita Funk Brothers, ndilo lililopiga karibu kila wimbo uliotoka katika nyumba ile kwa zaidi ya miaka kumi. Waimbaji walibadilika; wapigaji walibaki walewale.

Mwanzoni Jamerson aliendelea na besi ya kusimama, na sauti yake imo katika wimbo wa Mary Wells wa mwaka 1964, My Guy. Lakini safari za maonyesho zilikuwa zimekwisha kumlazimisha kushika gitaa la umeme, kwa kuwa ala kubwa namna ile haibebeki kwa basi kila siku. Gitaa lake lililopata sifa lilikuwa Precision la kampuni ya Fender, la mwaka 1962, ambalo kwenye shingo aliandika kwa wino neno moja: Funk. Alilifunga nyuzi nzito za kampuni ya La Bella, za aina iliyozungushiwa utepe bapa wa chuma. Hakuzibadili tena. Uzi ukikatika, ule uliokatika pekee ndio uliowekwa upya. Jasho, mafuta ya vidole, vumbi na moshi wa vilabu viliachwa vikae humo mwaka baada ya mwaka. Chini ya kifuniko cha daraja aliacha kipande cha sponji kilichozibana nyuzi kidogo. Nyuzi zenyewe zilikuwa juu sana ya shingo, kiasi kwamba wapigaji wengine waliolijaribu gitaa hilo walilirudisha kwa vidole vinavyouma.

Ili kuelewa kwa nini mtu mwenye akili zake afanye hivyo, ni lazima kuutazama uzi wenyewe. Uzi wa besi si waya mmoja. Ndani una kiini cha chuma, na juu yake huzungushwa waya mwingine ili upate uzito wa kutoa sauti nene. Waya huo wa nje ukiwa wa mviringo, uzi huwa na matuta madogo. Sauti yake hung'aa kama kengele, huchukua muda mrefu, na kidole kinapohama husikika mkwaruzo. Waya wa nje ukiwa bapa, uso wa uzi huwa laini na sauti huwa fupi na yenye kiza. Aina ya tatu huongeza tabaka jingine: juu ya chuma huzungushwa utepe wa nailoni, mara nyingi mweusi. Sumaku za gitaa haziitambui nailoni. Husoma mtikisiko wa chuma kilichofichwa ndani, na kwa hiyo uzi huo hufanya kazi katika gitaa lolote la umeme. Kazi ya nailoni ni kulainisha mguso na kupunguza mng'ao, hata gitaa la umeme likaikaribia ile besi ya kusimama. Jamerson hakutumia nailoni, alitumia chuma bapa kilichozeeka. Lakini sauti anayoitafuta mpigaji anayenunua nyuzi nyeusi za nailoni leo ni jirani wa karibu wa sauti ile.

Kuzifunga kunataka subira, na wengi huziharibu siku ya kwanza. Nyuzi za nailoni huwa nene kwa umbo kuliko zilizotangulia, hivyo huenda zisilale ndani ya mifereji iliyo juu ya shingo ya gitaa. Uzi ukielea juu ya mfereji, sauti haitulii na chuma cha kwanza huwa kigumu kubonyeza. Fundi hupanua mfereji kwa tupa nyembamba, kidogo kidogo, maana kilichokwanguliwa hakirudi, na mfereji uliochimbwa kupita kiasi huufanya uzi ugonge chuma na kulia kama nyuki. Ni vyema kubadili uzi mmoja mmoja, ili shingo isiachiwe mzigo wake wote kwa ghafla. Uzi usipindwe wakati wa kuzungusha kigingi, kwa sababu utepe wa nje hukunjuka. Na usikatwe kabla ya kukunjwa kwa pembe pale unapoingia kwenye kigingi; ukikatwa ukiwa umenyooka, tabaka za nje huweza kuachia kiini chake na sauti ikafa. Baada ya hapo hukazwa, huvutwa taratibu kwa kidole, hukazwa tena, na huachwa siku moja au mbili. Ndipo hulinganishwa sauti ya chuma cha kumi na mbili na ile ya uzi unaoguswa tu juu ya chuma hichohicho. Zisipokubaliana, kipande cha daraja husogezwa mbele au nyuma mpaka zikubaliane.

Kosa kubwa zaidi huja katika kuhukumu. Mpigaji hukaa peke yake chumbani, akagusa uzi mpya wa nailoni, akasikia kitu kilichofifia kama spika iliyofunikwa blanketi, akajuta fedha zake. Uzi wa namna hiyo hauhukumiwi ukiwa peke yake. Hupimwa pamoja na dramu na sauti za watu, na msikilizaji akiwa mbali, hata mlangoni. Pale uzi unaong'aa unapogombana na gitaa la solo na matoazi, huu huingia chini yao na kuzibeba. Huko Motown mafundi waliipitisha besi ya Jamerson moja kwa moja katika mashine ya kurekodia, bila kuweka maikrofoni mbele ya spika, kisha wimbo ukasikilizwa katika spika ndogo mfano wa zile za redio za magari, kwa kuwa wanunuzi wa santuri walikuwa humo. Yeyote aliyekulia karibu na redio ya betri anajua jinsi besi inavyopotea katika spika ya ukubwa wa kiganja. Besi ya Jamerson haikupotea.

Tena haikuwa sauti peke yake. Kabla yake, besi katika nyimbo nyingi za kupendwa ilikuwa kazi ya kurudia noti mbili tatu kama mtu anayetwanga. Jamerson aliifanya iwe sauti ya pili ya wimbo, inayoongea na mwimbaji, ikichelewa, ikiruka, ikipita kwenye nyuzi wazi ili kuhama kutoka sehemu moja ya shingo hadi nyingine. Katika Bernadette ya Four Tops, ya mwaka 1967, na For Once in My Life ya Stevie Wonder, ya mwaka uliofuata, mtu anaweza kuondoa kila kitu akabaki na besi na bado akawa na wimbo. Noti nyingi namna hiyo zingekuwa fujo tupu kwa nyuzi zinazong'ara. Zilivumilika kwa sababu kila moja ilikufa mapema na kuipisha inayofuata. Hapo ndipo nyuzi zile chakavu zilipolipa deni lao, na watu wanaonakili noti zake bila kujali nyuzi hushangaa kwa nini haziketi.

Malipo yalikuwapo. Mwaka 1968 kampuni ilikuwa ikimlipa dola 1,000 kwa wiki, fedha nyingi kwa wakati ule. Kilichokosekana kilikuwa jina. Santuri za Motown zilitoka kwa mamilioni bila kutaja nani amepiga nini, na hadi mwaka 1971, albamu ya Marvin Gaye iitwayo What's Going On ilipotoka, ndipo jalada lilipomtaja Jamerson kwa sifa. Kuhusu wimbo wenye jina la albamu hiyo inasimuliwa kwamba Gaye alimfuata usiku katika klabu alikokuwa akipiga, akamleta studio akiwa amelewa hata kukaa kitini hawezi, naye akapiga akiwa amelala chali sakafuni. Watu hukisimulia kisa hicho kwa kucheka. Ulevi huohuo ndio uliokuja kumuua.

Mwaka 1972 Motown ilihamia Los Angeles. Wapigaji wengi wa Detroit waliachwa bila kuagwa vizuri. Baadhi yao walisimulia kwamba walilijua jambo hilo kwa tangazo lililobandikwa mlangoni mwa studio. Jamerson aliifuata kampuni huko mwaka 1973, lakini muda si mrefu uhusiano wao ukakatika. Kwa miaka michache bado alipata kazi, na nyimbo kadhaa alizopiga zilifika kileleni, mojawapo ikiwa Rock the Boat ya mwaka 1974. Ila masikio ya wakati yalikuwa yamegeuka. Tangu katikati ya miaka ya 1960, nyuzi za waya wa mviringo kutoka Uingereza zilikuwa zimewapa wapigaji sauti ya kung'ata kama piano, na sasa watayarishaji waliitaka kila mahali. Walitaka besi inayopigwa kofi kwa dole gumba, walitaka amplifaya za kisasa, walitaka noti chache zinazojirudia kwa ajili ya kucheza disko. Waliletewa mtu mwenye gitaa moja la zamani, nyuzi zilizokufa na kidole kimoja. Walimwomba abadili nyuzi. Hakubadili.

Ni rahisi leo kumsifu kwa msimamo huo. Wakati ule haukumletea sifa yoyote. Simu zilipungua, na mtu aliyepiga katika nyimbo zaidi ya ishirini zilizoshika nafasi ya kwanza Marekani akawa anaonekana kama ala yake, kitu cha jana. Wapo waliohama na kufanikiwa kwa kukubali nyuzi mpya, wala hawastahili kulaumiwa, kwa sababu mtu ana watoto wa kulisha. Jamerson naye alikuwa na watoto wanne, mmoja wao mpiga besi pia. Lakini kwake uzi haukuwa kipuri. Mkono wake, urefu wa noti zake, mahali alipovuta na mahali alipoachia, vyote vilikuwa vimejengwa juu ya uzi mzito usiolia kwa muda mrefu. Kuufungua uzi huo kungekuwa kumwomba mtu mzima ajifunze upya kusema. Pombe ilikamilisha kile ambacho mtindo ulikuwa umeanza.

Siku chache kabla hajafa, gitaa lake la mwaka 1962 liliibwa, na nyuzi zake zikaenda nalo. Alifariki Los Angeles tarehe 2 Agosti 1983 kwa maradhi ya ini yaliyotokana na ulevi, pamoja na moyo kushindwa na homa ya mapafu. Mwili wake ulirudishwa Detroit ukazikwa katika makaburi ya Woodlawn.

Heshima zilimfuata akiwa kaburini. Mwaka 1989 kilitoka kitabu cha Allan Slutsky kilichoandika maisha yake pamoja na noti zake, na mwaka 2002 ikatoka filamu yenye jina lilelile la kitabu, Standing in the Shadows of Motown, kuhusu wapigaji wote wa shimo la nyoka. Mwaka 2000 ukumbi wa heshima wa muziki wa rock nchini Marekani ulipoanza kuwapokea wapigaji wa nyuma, yeye alikuwa miongoni mwa wa kwanza. Na kampuni ya La Bella hadi leo huuza seti ya nyuzi nne bapa yenye jina la Jamerson, unene wake ukianzia milimita 1.32 hadi 2.79. Zikitoka kwenye pakiti hung'aa kidogo. Wanaozijua huzifunga, huziacha zizeeke, na hawazifuti.